Mdomo Uliokula Samaki

Huko juu kwetu, kwenye milima ambako mtu hutajwa kwa ng'ombe wake kabla ya kutajwa kwa baba yake, mimi nilipewa jina la Mla Samaki. Walionipa walidhani litanitesa. Nililivaa kama koti.

Nilikuwa nimetumwa Baraka, mji wa ziwani, kuuza siagi ya baba. Ufukweni wanawake walikuwa wakichoma samaki wa mukeke juu ya makaa, mafuta yanadondoka, moto unaitikia, moshi unanijia usoni. Njaa haikunisukuma, kwa sababu nilikuwa nimetoka nyumbani nimeshiba. Nilitaka kujua. Nikakaa mchangani nikala wa kwanza, nikaomba wa pili. Tangu hapo nimetaka kujua kila kinachoingia katika chungu cha mtu: ndagala, dagaa wadogo waliokauka juani mpaka wakawa kama kucha, sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kutiwa mawese, kumbikumbi wa kukaanga, uyoga wa mvua za kwanza. Nimekula na wavuvi wa Swima, nimekula na wachimba dhahabu wa Lulimba ambao hutia pilipili hata kwenye ndizi. Sijawahi kufunika mdomo.

Sheria ya kwetu ni fupi. Mdomo uliokula samaki haunywi maziwa. Ukinywa, ng'ombe aliyetoa maziwa yale anaumia: kiwele kinavimba, chuchu zinapasuka, anakamuliwa damu. Wazee hulisema hilo bila hasira, kama mtu anavyosema kwamba moto unaunguza. Kwa hiyo kaka yangu Sebasaza, aliyeachiwa zizi baba alipofariki, hakunipiga wala hakunitukana. Aliondoa tu kibuyu changu cha maziwa ukutani. Nikashuka, nikajenga chumba na sebule Baraka, nikaanza kununua ndagala Lweba na kuwapakia kwenye malori ya Lulimba. Mtu wa milimani muuza samaki. Wabembe, watu wa ufukweni, walicheka mpaka wakazoea, na watu wa kwetu wakikutana nami sokoni walivuka upande wa pili wa njia. Mimi nilisema waziwazi, popote na mbele ya yeyote, kwamba ng'ombe hawezi kujua mtu amekula nini mwendo wa siku nzima kutoka zizini.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali, ingawa wengi waliendelea kuitana nayo. Kwenye kadi ya chama niliandikwa Kayumba, na mtaani niliitwa Kayumba. Mama peke yake aliendelea kuniita Azarias.

Mama alipougua, waliomleta kwangu walikuwa wanaume wa kanisa letu, wakiwa wamembeba kwenye kipoyi, machela ya miti, tangu alfajiri. Tumbo lake lilikuwa limevimba upande wa kulia, chini ya mbavu, na uso umekuwa mdogo. Sebasaza alitangulia, fimbo mkononi, akasimama mlangoni kwangu bila kuingia. Nilikuwa sijamwona tangu mazishi ya baba.

"Hapa Baraka hatuna mtu mwingine," alisema, akitazama paa langu. "Atatibiwa dispensari, atalala kwako. Akipata nafuu nitakuja kumchukua. Chungu chake ni hiki. Kibuyu chake ni hiki. Chungu chako kikae upande wako."

"Unaogopa nitamtia samaki mdomoni akiwa amelala?"

"Naogopa hata harufu."

"Nyinyi wawili," mama alisema kutoka kwenye kipoyi, "nishusheni kwanza. Mtagombana nikiwa chini."

Mama yangu, Mukandori, hakuwa mama wa kulia ovyo. Alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe aliyemlea tangu akiwa ndama aliyefiwa na mama yake, ng'ombe mwekundu wa kukoza aliyeitwa Bihogo. Ilikubaliwa kwamba kila siku ya soko kijana wa kanisa atashuka na maziwa ya Bihogo. Yalifika yameganda kwa jua na mtikisiko wa njia, na ndivyo mama alivyoyapenda. Aliyanywa polepole akiwa ameegemea ukuta, macho yamefumba, kisha anasema, "Amelishwa upande wa kijito," au, "Wamemkamua kwa haraka." Mimi nilikaa upande wangu wa chumba na samaki wangu. Hatukugombana. Kila asubuhi alipochomwa sindano aliwaambia watu wa dispensari kwamba atarudi kwake, kwamba zizi linamngoja.

Halafu wanajeshi walifunga njia ya mlimani.

Walisema wanatafuta waasi wa msituni. Waliweka kizuizi pale chini njia inapoanza kupanda, gogo limelala juu ya mapipa mawili, na hakuna aliyepanda wala kushuka. Tulisikia mbuzi wa vijiji vya karibu wakiisha mmoja mmoja. Siku ya soko ilifika, maziwa hayakufika. Soko lililofuata vilevile. Maharage yalianza kupotea, kwa sababu yaliyotoka vijijini yalisimamishwa kwenye gogo lile. Mama alikula bugali wa mihogo kwa chumvi, matonge machache, kama mtu anayemeza dawa. Tumbo lake lilibaki pale pale, mwili mwingine ukawa unalihama.

Nicolas, muuguzi wa dispensari, Mubembe mtulivu mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliniita pembeni.

"Kayumba, huyu mama anahitaji kitu ya nguvu. Maziwa haiko. Nyama, basoda ba kule kwenye gogo banakula yote. Samaki iko. Mi nasema tu."

Nilimwambia mama alivyosema Nicolas. Nilimwambia bila kumsihi, maana nilijua kichwa chake. Alinisikiliza akikunja na kukunjua ncha ya kitenge.

"Nikila, sitakunywa tena," alisema.

"Mama, wewe unaamini kweli?"

"Kuamini ni kwa Mungu. Hili nalijua. Wewe hujawahi kukesha na ng'ombe aliyepasuka chuchu, anakulilia usimguse, na ndama naye analia mlangoni."

"Huenda alipigwa na mwiba."

"Huenda," alisema. "Lete huo bugali."

Jirani yetu alikuwa Adolphine, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fabien, mke wa mvuvi aitwaye Alphonse. Alipika nje, chini ya kibanda chake cha nyasi, hatua chache kutoka mlangoni kwetu, na alikuwa mtu wa kula kwa heshima: anakaa vizuri, ananawa, anafumba macho kwenye tonge la kwanza. Mama alikuwa akiwekwa nje apate jua. Nilianza kuona kwamba jua halimshughulishi. Alikuwa akiutazama mkono wa Mama Fabien unavyotoka kwenye sahani kwenda mdomoni.

Mama Fabien naye aliona. "Mama muzee, we unaangalia chakula yangu sana. Inakuomba nini?"

"Haiombi kitu," mama alijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza sokoni. "Mi naangalia tu."

"Kuangalia haishibishe."

Siku moja, baada ya Mama Fabien kuosha vyombo, mama aliniambia nishushe kibuyu chake. Alikiweka mapajani. Akakipangusa nje, akakipangusa mdomo wake kwa kitambaa safi, akakifunika kifuniko chake cha ukili na kukifunga ndani ya kitenge chake cha ibada. Akaniambia nikiweke ndani kabisa ya sanduku lake, chini ya nguo.

"Mwite Mama Fabien," alisema.

"Mama, una hakika?"

"Sitaki kufa kwa njaa huku nikitazama watu wanavyokula. Hilo ni moja. Na nataka kujua. Wewe ulidhani ile tamaa yako uliitoa kwa baba yako? Baba yako alikula kitu kilekile tangu anyonye mpaka azikwe."

Nilikwenda kumwita jirani.

Mama Fabien alichoma mukeke wa siku ileile, akampaka chumvi na ndimu, akamleta juu ya jani la mgomba. Mama alimtazama samaki kwa muda, akamgeuza upande huu na upande ule kama anayekagua ndama.

"Huyu amechungwa na nani?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Anajichunga mwenyewe ndani ya maji."

"Hana mwenyewe?"

"Mwenyewe ni yule anamukamata."

"Kwa hiyo hakuna atakayemlilia," mama alisema, akanyofoa kipande.

"Miba iko," Mama Fabien alionya. "Utafune na ulimi kwanza."

Alitafuna kwa ulimi. Nilimwona akifika kwenye ladha ile niliyoifikia mimi mchangani miaka ile: kwanza moshi, kisha chumvi, kisha ule utamu mdogo unaokuja umechelewa. Nyusi zake zilipanda. Alimeza. Akatoa mwiba mmoja mdomoni, akautazama kwenye mwanga, akauweka kando vizuri kana kwamba atauhitaji. Akanyofoa tena. Hakusema neno mpaka upande mzima ukaisha, halafu akamgeuza.

"Na kichwa?" aliuliza.

"Kichwa ni ya mutu mukubwa," Mama Fabien alisema.

"Na mi ni nani?"

Tulicheka sote watatu. Kisha mama akaugeukia ukuta na kulia, akiwa bado anatafuna. Hakutaka aguswe. Alilia mpaka akamaliza kutafuna, akafuta mikono, akasema mwili umepata joto.

Tangu siku ile hakuna aliyeweza kumzuia. Nilikuwa nimejiona mimi ndiye mlaji wa ukoo wetu, na kumbe nilikuwa mwanafunzi. Mimi nilikula nikasifu. Yeye alikula akauliza. Ndagala wa kukaanga walimshangaza kwa sababu wanamtazama. Aliwala akiwaomba radhi kwa lugha yetu. Sombe aliisema ni majani yaliyopigwa mpaka yakakubali. Pilipili ilimtoa machozi, akaomba tena kidogo ajue kama ni yeye au ni ile. Kumbikumbi alimtafuna mmoja kwa meno ya mbele, akasema, "Huyu ana siagi," akaushika mfuko mzima. Alphonse alipovua kuhe, samaki mkubwa wa ziwani, alimletea mama kichwa chake, akasimama mlangoni kushuhudia.

"Batoto ya kwangu banapigana juu ya hii macho," Alphonse alisema.

"Bapigane na mi," mama alijibu, na jicho likapotea.

Wanawake wa mtaa walianza kumletea vitu wenyewe, baada ya salongo ya Jumamosi, ile kazi ya lazima ya serikali, jasho la jembe bado migongoni. Huyu chikichi za kuchemsha, huyu uyoga, huyu majani ya maboga yenye karanga. Waliketi kungoja atasema nini. Nafikiri walikuwa na kiu ya kumwona mtu anayefurahi. Redioni zilikuwa nyimbo za kumsifu mtu mmoja tangu asubuhi hadi jioni, mapipa bado yako njiani, vyungu vyao wenyewe vilikuwa vyepesi, na hapa kuna mwanamke wa milimani, mgonjwa, anayelamba vidole kwa chakula chao kama cha arusi. Rangi ilimrudia usoni. Aliweza kutembea hadi choo bila kushikwa.

Nilijiona nimeshinda. Nilitamani njia ifunguliwe hata kesho, Sebasaza aje aone.

Lakini jua likielekea ng'ambo ya mlima, saa ambayo huko juu ng'ombe hurudi, mama alijifunika kitenge kichwani, akataja majina yao kwa sauti ya chini, Gaju, Sine, Bihogo, na wengine, akingoja kidogo baada ya kila jina. Nilipomwuliza kama anajuta alisema, "Hapana." Nilipomwuliza kama ana hamu ya maziwa alisema, "Azarias, usiniulize mambo ya kitoto."

Kisha tumbo likaanza kukua tena. Nicolas alilibonyeza, akavua miwani, akaisafisha muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Dawa iliyobaki ilikuwa ya maumivu tu. Nje alisema kwamba labda hospitali ya Uvira, na sisi wawili tulijua hakuna gari litakalomfikisha Uvira akiwa hai. Mama hakuuliza. Alisema tu kwamba sasa anataka kurudi kwake, na kwamba nisimfiche njia ikifunguliwa.

Njia ilifunguliwa. Asubuhi moja watu walianza kushuka, wamekonda, na alasiri Sebasaza akatokea mtaani peke yake. Shavu lake la kushoto lilikuwa limepasuka, damu imekauka mpaka kwenye kola. Mikononi alikumbatia kibuyu kikubwa, kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa.

"Nani amekupiga?" niliuliza.

"Wale wa kwenye gogo. Walikitaka."

"Ukawanyima wenye bunduki?"

"Waliniita sitwayeni, raia mwenzao, wakasema maziwa ya taifa ni ya wote. Niliwaambia haya ni ya mama yangu." Safari hii aliingia ndani. Alipiga magoti mbele ya mama, akakifungua kibuyu, na harufu ikajaa chumba, ile harufu ya moshi wa mti na uchachu mwororo niliyokuwa sijaisikia tangu njia ifungwe. "Ni ya Bihogo. Amezaa jike. Kunywa, mama."

Mama aliinuka kwenye kiwiko. Alikitazama kibuyu, kisha shavu la mwanawe. Mama Fabien alikuwa mlangoni na sahani mkononi, akaificha nyuma ya mgongo. Sebasaza hakujua kitu. Mimi nisingesema, Mama Fabien asingesema. Nilimwangalia mama, nikamsihi kwa macho: kunywa.

"Kifunike, mwanangu," alisema. "Nimekula samaki."

Sebasaza hakusogea. Taratibu aligeuza uso wake uliopasuka kuelekea kwangu.

"Wewe."

"Usimtazame huyo," mama alisema. "Mkono ulikuwa wangu."

"Alikulazimisha. Ulikuwa na njaa."

"Njaa ilikuwepo. Lakini niliomba kuongezwa."

"Aliomba, kweli," Mama Fabien alisema polepole. "Na kichwa."

Hapo nikapasuka mimi. Nilimwambia mama anywe, kwamba Bihogo yuko mlima mzima kutoka hapa na hana habari, kwamba mtu aliyepigwa kitako cha bunduki kwa ajili ya kibuyu hastahili kurudi nacho. Nilimwambia Sebasaza sheria yake imemtoa mama nyama mwilini. Nilisema mengi, na mazuri, maneno huja kwangu nikiwa na hasira. Walinisikiliza wote wawili kwa adabu, kama watu wanaongoja mvua ipite.

"Ningekunywa nikanyamaza," mama alisema nilipomaliza, "huyu asingejua. Bihogo angejua. Ana ndama sasa."

Sebasaza alifunika kibuyu. Akasema kuna njia ya kurudi, hata watoto wanaijua: mtu akae bila samaki mpaka mwezi uandame ukaishe, asukutue kinywa kwa dawa ya wachunga ng'ombe, kisha wazee wampe kibuyu tena.

"Mpaka mwezi uishe," mama alisema. Aliweka kiganja juu ya tumbo lake.

Sebasaza aliona kiganja kile. Nadhani ndipo alipofahamu. Alisema atapanda kuwauliza wazee kama wanaweza kufupisha. Maziwa yale hayakuweza kunywewa na yeyote katika nyumba ile, wala kwa jirani, na kuyamwaga ni mwiko mwingine. Akayapakata tena, akatoka. Nilisimama njiani nikamwona akielekea kwenye lile gogo, ambalo wanajeshi walikuwa wamelisogeza kando ya njia na bado wamelikalia, akiwa na kibuyu kilichojaa.

Kuanzia jioni ile mama aliacha samaki. Aliacha vyote, kumbikumbi, sombe yenye ndagala, hata mboga iliyopikwa kwenye chungu kilichowahi kupika samaki. Alikula uji mtupu wa mihogo kutoka chungu chake. Alikuwa ameamua kuujaribu ule mwezi. Wanawake walikuja na sahani zao, akawashukuru, akawaomba wale wao na kumwambia. Baada ya muda waliacha kuja, maana ni vigumu kula mbele ya mtu wa namna hiyo.

Alidhoofika upesi. Midomo ilikauka. Katika usingizi wa mchana alimeza mate, shingo ikipanda na kushuka, na nilijua ni maziwa anayoyameza.

Nilikwenda kwa Eugène, mfanyabiashara mwenye duka karibu na gati, nikachukua kopo la maziwa ya unga. Kwenye kopo palikuwa na picha ya ng'ombe mweupe na mweusi, mnene, amesimama penye majani marefu. Niliyakoroga kwa maji ya moto nikampelekea. Nilimweleza kwamba haya hayatoki kwetu, yametoka ng'ambo ya bahari, na wanaokula samaki huyanywa kila siku na hakuna ubaya.

Alichukua kopo kwanza. Alimchunguza ng'ombe wa kwenye picha, akapitisha kidole kwenye mgongo wake.

"Anaitwa nani?"

"Sijui, mama. Nadhani hana jina."

"Basi wakitaka kumkamua wanamwitaje?"

Nilimsihi aonje tu. Alichovya ncha ya kidole, akaiweka ulimini, kwa uangalifu uleule alioutumia kwa mukeke, sombe, na pilipili. Nilingoja. Alikuwa hajawahi kushindwa kusema kitu juu ya chakula.

"Hamna nyasi ndani yake," alisema mwishoni. Kisha, baada ya kupumzika: "Na huyu akipasuka chuchu, nani atamwona? Wape watoto wa Mama Fabien."

Watoto walikunywa wakagombania kikombe.

Sebasaza alirudi mwezi ukiwa bado mchanga. Ilikuwa baada ya adhuhuri, joto limekaa juu ya mabati, ziwa halina hata kunyanzi. Safari hii hakubeba dawa ya kusukutua. Alibeba kibuyu tu. Alikaa chini kando ya mkeka, akasema bila salamu:

"Wazee wamesema mwezi ni mwezi. Mimi nasema kunywa leo."

Mama alifumbua macho. "Na Bihogo?"

"Bihogo ni ng'ombe."

Sikuamini masikio yangu. Huyu ndiye aliyeondoa kibuyu changu ukutani. Alikisukuma kibuyu mbele, maziwa yakalowesha ukili wa kifuniko. Alisema kwamba ndama ameshakua kiasi cha kuonja majani, kwamba chuchu zikipasuka atazipaka siagi, kwamba ng'ombe akifa atamfukia kwa mikono yake. Alisema yote haya akitazama mkeka.

"Umesikia, mama?" nilisema. "Hata yeye."

"Nimesikia." Aliinua mkono wake, mwepesi kama jani, akaugusa ule mshono wa kovu shavuni mwa Sebasaza. "Nyinyi ni watoto wazuri. Lakini mimi nililipenda jambo langu nikalila, utamu wote niliupata mimi. Ng'ombe hakuonja hata kidogo. Kwa nini aumie yeye?"

"Mama, unakufa," nilisema.

"Ndiyo, Azarias. Usipige kelele." Akamgeukia kaka yangu. "Kunywa wewe."

"Mimi?"

"Kunywa, nikuone."

Sebasaza alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tulipokuwa watoto alinitazama akiomba msaada. Nilimwashiria kwa kichwa kwamba anywe. Akainua kibuyu. Alikunywa funda moja, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Niambie," mama alisema.

"Ni maziwa, mama."

"Mjinga wewe, najua ni maziwa. Niambie."

Kaka yangu si mtu wa maneno. Kanisani hata sala yake ni fupi. Alikaa na kibuyu mapajani, akatafuta. "Kuna moshi," alisema.

"Wa mti gani? Nani alikifukiza?"

"Wa mzeituni wa porini. Mke wangu ndiye aliyekifukiza."

"Ameukausha vizuri? Usipokauka unauma kooni."

Akanywa tena. "Hauumi."

"Endelea. Jana alilishwa wapi?"

"Ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko."

"Huko kuna jani moja chungu. Unalisikia?"

Sebasaza alifumba macho. Funda lilikaa mdomoni muda mrefu kabla ya kushuka. "Nalisikia. Linakuja mwishoni."

"Linakuja mwishoni," mama alisema, na shingo yake ikapanda, ikashuka.

Nilisimama pale mlangoni. Mimi niliyekula kila kitu ufukweni na barabarani, mwenye maneno ya kila ladha, nilikuwa nimesahau maziwa yale yalivyo, na nisingeweza kumsaidia hata kwa neno moja. Sebasaza alizidi kujitahidi. Alimwambia juu ya uchachu, ulikuwa umefika wapi. Alimwambia juu ya mabonge madogo ya siagi yanayokwama kwenye meno. Mama aliuliza kama ni ya njano au meupe, akauliza kama yanayeyuka au yanatafunwa, akauliza kama kuna harufu ya mvua. Kila swali lilikuwa dogo kuliko lililotangulia, na kila mara kaka yangu alinywa kwanza ndipo akajibu.

Kisha nikaona kwamba kibuyu kimekwisha. Alikiinua, akakiinamisha mdomoni, na hakuna kilichoshuka. Akameza hata hivyo. Akafuta midomo.

"Na sasa?" mama aliuliza, macho yamefumba.

"Sasa ni baridi," Sebasaza alisema. "Ni ya chini kabisa, nzito."

Alikiinua tena, na tena, mpaka mama alipoacha kuuliza, na Mama Fabien akaingia kumfunika uso.